Kijiti, sanduku, ukomo au mahakama: chama kimbadilishe vipi mwenyekiti wake?

Makala haya ni kwa ajili ya mjumbe wa mkutano mkuu, katibu wa tawi, na yeyote aliyewekwa kwenye kamati ya kurekebisha katiba ya chama chake akaulizwa: mwenyekiti atoke vipi, na anayekuja aingie vipi? Tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, Tanzania imezipitia njia nne. CCM hukabidhi kijiti. CHADEMA, Januari 2025, ilipeleka mwenyekiti aliye madarakani kwenye sanduku la kura dhidi ya makamu wake mwenyewe. ACT-Wazalendo iliandika ukomo wa muda. CUF na NCCR-Mageuzi ziliishia kwa Msajili wa Vyama vya Siasa na mahakamani.

Nazipima kwa maswali matatu. Je, tarehe ya mabadiliko inajulikana kabla ya majina ya wagombea kujulikana? Nani hasa anaamua? Na aliyeshindwa, kesho yake asubuhi, bado ni mwanachama mwenye kazi ya kufanya au yuko njiani kuhamia kwingine? Hili la tatu ndilo nalipa uzito kuliko mengine, kwa sababu vyama vyetu vimeumizwa zaidi na walioshindwa wakaondoka kuliko walioshinda wakatawala vibaya.

Kupokezana kijiti

Mwalimu Nyerere alitoka Ikulu mwaka 1985 lakini akabaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, alipompisha Ali Hassan Mwinyi. Miaka ile mitano ndiyo mara ndefu zaidi ambapo kofia mbili, ya urais na ya uenyekiti, zilikaa kwenye vichwa viwili. Baada ya hapo utaratibu ukawa mmoja: rais mpya anaingia, na baada ya miezi kadhaa mwenyekiti anayeondoka anamwachia chama. Mkapa alipokea mwaka 1996, Kikwete 2006, Magufuli Julai 2016 kule Dodoma. Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, mkutano mkuu maalum ulikaa tarehe 30 Aprili na Samia Suluhu Hassan akapitishwa kwa asilimia 100 ya kura. Wiki sita tu, na chama kilikuwa na mwenyekiti mpya asiyepingwa na mtu.

Kwa kasi na utulivu, hakuna njia inayoikaribia hii. Hakuna kambi mbili zinazotukanana kwa miezi, wala barua za kwenda kwa Msajili. Wanachama wengi wa vyama vya upinzani huitazama kwa matamanio na kusema, "Kwa nini na sisi tusikabidhiane tu?"

Jibu ni kwamba kijiti cha CCM kinakimbizwa na Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Rais ana mihula miwili, na uenyekiti unafuata urais. Tarehe haitoki kwenye moyo wa mwenyekiti wala kwenye busara ya wazee. Inatoka nje ya chama, na mwenyekiti anaijua siku anayoapishwa. Chama cha upinzani hakina urais wa kukipangia tarehe. Kikiiga kijiti bila kuwa na ukomo wake chenyewe, mwenyekiti ndiye anayebaki kuamua lini amechoka, na wasaidizi wake watahakikisha hachoki.

Swali la nani anaamua nalo lina jibu gumu hapa. Kura ya jina moja haipimi kitu. Mjumbe aliyetoka Kyerwa au Masasi anakwenda Dodoma kuthibitisha jambo lililokwisha. Na manung'uniko hayapotei kwa sababu hayakuhesabiwa. Yanahamia kwenye kinyang'anyiro cha urais. Mwaka 2015 jina la Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyeutaka urais, lilipokatwa kwenye vikao vya Dodoma, wajumbe waliokuwa nyuma yake waliimba ndani ya ukumbi kwamba wana imani naye, na wiki chache baadaye alikuwa CHADEMA, akisimamishwa na UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, na kupata karibu asilimia 40 ya kura za urais.

Sanduku la wazi: CHADEMA, Januari 2025

Hapa nitakaa zaidi, maana sijaona mfano mwingine wa karibu hivi katika chama kikubwa nchini kwetu.

Freeman Mbowe aliongoza CHADEMA kuanzia 2004. Alikipokea chama kikiwa na wabunge wachache akakifanya chama kikuu cha upinzani, na kati ya Julai 2021 na Machi 2022 alikaa mahabusu kwa kesi ya ugaidi ambayo baadaye upande wa mashtaka uliiondoa. Tundu Lissu, makamu wake upande wa Bara, alikuwa amepigwa risasi Dodoma Septemba 2017 akanusurika. Nawataja hivi kwa makusudi: hakuna kati yao aliyeweza kuitwa mamluki na mtu mwenye akili timamu akaamini. Walitofautiana juu ya njia. Mbowe alikuwa ameiongoza meza ya maridhiano na serikali ya Rais Samia. Lissu aliona meza ile imezaa kidogo na imewapoza wanachama. Na juu ya hilo lilikuwapo swali la miaka zaidi ya 20 kwenye kiti kimoja.

Lissu alitangaza nia Desemba 2024. Mbowe naye akatangaza kabla mwezi haujaisha. Wiki zilizofuata zilikuwa chungu. Tuhuma za rushwa zilirushwa hadharani, wapambe walitukanana mitandaoni usiku na mchana, na viongozi wa kanda waliokuwa wakisafiri gari moja wakaacha kusalimiana.

Halafu ikaja tarehe 21 Januari 2025, ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam. Kura zilipigwa hadi usiku, zikahesabiwa hadi alfajiri, na watu waliokuwa Mbeya, Bukoba na Minneapolis walifuatilia kwenye simu mubashara. Karatasi 999. Lissu 513, Mbowe 482, Charles Odero 1, tatu zikaharibika. Tofauti ya kura 31 kati ya wawili wa juu, maana yake wajumbe 16 wangebadili mawazo wakiwa kwenye foleni, Mbowe angebaki. Na kabla msimamizi hajatangaza rasmi asubuhi ya tarehe 22, Mbowe alikuwa ameshaandika kwenye ukurasa wake kuyakubali matokeo na kumpongeza mshindi.

Mimi naliheshimu jambo lile kwa dhati. Mtu aliyejenga nyumba kwa miaka 20 akashindwa kwa kura 31 alikuwa na kila kisingizio cha kudai zihesabiwe upya, na hakudai. Kama unataka hoja moja ya kumwonyesha mwanachama mwenzako anayesema upinzani hauwezi kuachiana madaraka, mpe ile asubuhi.

Kwa swali la nani anaamua, basi, sanduku linashinda njia zote. Kwenye swali la tatu ndipo lilipopwaya. Asilimia 48.3 ya wajumbe walikuwa wamemchagua mtu mwingine. Mwenyekiti mpya ana haki ya kupanga safu yake, na John Mnyika alibakizwa kuwa Katibu Mkuu, jambo lililosaidia. Lakini hapakuwa na kifungu chochote kinachowapa wale 482 sehemu ya kukaa. Yote yaliachiwa hisani ya mshindi. Kufika Aprili, kundi lililojiita G55 lilikuwa likipinga hadharani msimamo wa kutoshiriki uchaguzi bila mabadiliko ya sheria. Mei wakaondoka, wengi wao wakiwa watu waliokuwa kambi ya Mbowe, wakahamia chama kingine cha upinzani, CHAUMMA, na mmoja wao, Salum Mwalimu, akawa mgombea urais wa chama hicho Oktoba 2025. Mbowe mwenyewe hakuwafuata.

Kuna tundu lingine ambalo mjumbe anapaswa kulijua. Mwanachama mmoja alilalamika kwamba kikao cha Baraza Kuu cha tarehe 22 Januari kilichothibitisha uteuzi wa viongozi wanane, akiwamo Mnyika, hakikuwa na akidi. Msajili akakubaliana naye, akasema uteuzi ule si halali, na ruzuku ya chama ikasimamishwa. Chama kilipinga. Wakati huohuo Lissu alikuwa gerezani tangu Aprili kwa shtaka la uhaini, na Juni Mahakama Kuu ikazuia shughuli za siasa za chama hicho kutokana na kesi ya mgawanyo wa mali kati ya Bara na Zanzibar iliyofunguliwa na aliyewahi kuwa makamu mwenyekiti. Sidai kwamba uchaguzi wa ndani ndio ulioleta yote hayo. Serikali ina mkono mrefu, na chama hiki kingebanwa hata kama kingempitisha Mbowe bila kupingwa. Nasema kwamba chama kinachotoka kwenye uchaguzi wa kufa na kupona kinakuwa kimechoka, na kwa kuchoka kinaacha milango wazi. Daftari la mahudhurio la kikao cha siku inayofuata lina uzito sawa na karatasi za kura.

Ukomo wa muda: ACT-Wazalendo

Njia hii ilizaliwa ndani ya ugomvi wa CHADEMA hiyohiyo. Novemba 2013 Zitto Kabwe, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu, alivuliwa nyadhifa zake baada ya kukamatwa waraka wa mkakati wa kumwondoa mwenyekiti. Kitila Mkumbo na Samson Mwigamba, waliohusishwa na waraka huo, walifukuzwa Januari 2014. Zitto alikimbilia mahakamani, akashindwa Machi 2015, akahamia ACT-Wazalendo na kuwa Kiongozi wa Chama. Tazama tofauti ya miaka 11: mwaka 2013 kutaka kiti kwa mpango kulikuwa usaliti, mwaka 2025 kulikuwa ugombea. Katikati hapo chama kilipoteza watu ambao hadi leo hakijapata mbadala wao.

Chama kipya kikaandika kwamba Kiongozi wa Chama hatazidi mihula miwili. Muda ulipofika, mkutano mkuu wa Machi 2024 ukamchagua Dorothy Semu. Upande wa uenyekiti, Juma Duni Haji, aliyekishika kiti baada ya kifo cha Maalim Seif, aliondoa jina lake kabla ya kura na Othman Masoud Othman akachaguliwa. Ukilinganisha na Mlimani City ya mwaka uliofuata (na hii nayo ilifanyika Mlimani City), hapakuwa na kambi za kufa na kupona. Hakuna aliyehitaji kumwambia Zitto kwamba amekaa mno. Karatasi ilikuwa imeshamwambia.

Wanaoipinga njia hii husema ukomo huondoa cheo na kuacha ushawishi, kwamba mwasisi ataendelea kuongoza akiwa kiti cha nyuma. Ni kweli, na sioni ubaya mkubwa. Ningependa mwasisi abaki ndani akishauri, akigombea ubunge na kukusanya michango, kuliko afukuzwe na kesho awe mpinzani wangu wa kwanza. Hoja nzito zaidi ni nyingine: ukomo unamwondoa hata kiongozi ambaye bado chama kinamhitaji, tena pengine mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Dawa yake ni kupanga kalenda ya uchaguzi wa ndani isigongane na ya kitaifa. Machi 2024 iliacha mwaka mmoja na nusu wa kujipanga. Januari 2025 iliacha miezi tisa.

Msajili na mahakama

Hii si njia ambayo mtu huichagua. Ndiyo inayokukuta pale ulipoacha kuchagua nyingine.

Agosti 2015 Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF, akipinga UKAWA kumpokea Lowassa. Juni 2016 akaandika barua nyingine ya kuitengua ile ya kwanza. Mzozo mzima ukasimama juu ya swali la kikatiba: je, kujiuzulu kunakamilika barua inapowasilishwa, au hadi mkutano uliomchagua mtu uikubali? Mkutano mkuu maalum ulioitishwa Agosti 2016 Ubungo Plaza kulijibu swali hilo ulivurugika. Septemba, Baraza Kuu lililomuunga mkono Katibu Mkuu Maalim Seif Sharif Hamad likamfukuza Lipumba, na Msajili akatoa msimamo kwamba Lipumba bado ni mwenyekiti halali.

Kuanzia hapo CUF ikawa vyama viwili vyenye bendera moja. Kulikuwa na CUF ya Buguruni, ya Lipumba, na CUF ya Mtendeni, ya Maalim Seif. Mwaka 2017 wabunge wanane wa viti maalum walivuliwa uanachama na upande wa Lipumba, nafasi zao zikajazwa. Ruzuku ikawa silaha. Mwanachama wa tawi la Tandale au Mtambwe hakujua kadi yake inasainiwa na nani.

Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka tarehe 18 Machi 2019, ikimpa ushindi Lipumba. Siku hiyohiyo Maalim Seif akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo kwa maneno ambayo Wazanzibari wameyashika mpaka leo: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee. Kwa saa chache, ofisi za CUF Unguja na Pemba zilipakwa rangi nyingine. Mshindi wa kesi akabaki na jina, mhuri na nembo. Chama kilichokuwa na wabunge zaidi ya 40 baada ya uchaguzi wa 2015 kiliambulia majimbo matatu mwaka 2020. Uchaguzi ule ulilalamikiwa sana, na siuchukulii kama kipimo safi, lakini kuhama kwa Wapemba na Waunguja kulionekana kwa macho kabla ya kura yoyote kupigwa.

NCCR-Mageuzi ilikuwa imepita njia hiyo kabla. Augustino Mrema alipata karibu asilimia 28 ya kura za urais mwaka 1995. Miaka miwili baadaye yeye na Katibu Mkuu wake Mabere Marando walikuwa hawakai meza moja, na kikao cha chama kule Tanga mwaka 1997 kiliishia kwa ngumi. Mrema akaenda chama cha TLP mwaka 1999, na mwaka 2000 NCCR ikabaki na jimbo moja. Chama hichohicho kikarudia mwaka 2022, kambi moja ikimsimamisha kisha kumfukuza James Mbatia, Msajili akiitambua kambi hiyo.

Majirani zetu Kenya wana baraza maalum la migogoro ya vyama, na mlalamikaji hutakiwa kwanza kupitia utaratibu wa ndani wa chama chake. Ni nafuu kuliko kwetu, ambako sauti ya Msajili huja mapema na huwa nzito. Hata hivyo, mipasuko ya vyama vyao ni ya zamani kuliko baraza hilo. Chama cha upinzani cha FORD kilipogawanyika mwaka 1992 kati ya Jaramogi Oginga Odinga na Kenneth Matiba, kura za wawili hao zikijumlishwa zilizidi asilimia 40, na Rais Moi akabaki Ikulu kwa asilimia 36 hivi. Jaramogi alipofariki Januari 1994, mwanawe Raila Odinga aligombana na Wamalwa Kijana juu ya chama chao cha FORD-Kenya, akaondoka na kuanza maisha mapya kwenye chama cha NDP. Raila mwenyewe alipofariki Oktoba 2025, chama chake cha ODM kilimtaja kaka yake Oburu Oginga kuwa kaimu haraka, na haraka ile ilikuwa ya busara, lakini kukaimu kunanunua muda tu.

Nikiziweka pamoja

Kwenye tarehe, ukomo unaongoza. Kijiti kinafuata, ila kwa tarehe ya kuazima. Sanduku bila ukomo lina tarehe ya uchaguzi, lakini mwenyekiti anaweza kugombea kila mara, kwa hiyo kila uchaguzi ni vita dhidi ya mtu aliye kitini, mwenye orodha ya wajumbe na namba zao za simu. Mahakama haina tarehe kabisa. CUF ilisubiri karibu miaka mitatu.

Kwenye nani anaamua, sanduku liko mbele peke yake. Ukomo humwambia mtu aondoke ila haumwambii nani aingie, kwa hiyo nao unalihitaji sanduku.

Kwenye hatima ya aliyeshindwa, kijiti na ukomo vinafanya vizuri zaidi kwa sababu anayeondoka hajashindwa na mtu. Mahakama ndiyo mbaya kuliko zote.

Ushauri wangu, basi, unategemea mahali chama chako kilipo. Kama ni chama changa na mwasisi bado anapendwa, andikeni ukomo sasa hivi, mwaka huu, angali anapigiwa makofi, maana akianza kupingwa kila kifungu kitaonekana kimeandikwa dhidi yake. Kama mwenyekiti wenu amekaa miaka 15 na kuendelea, msisubiri mpango wa siri wa mtindo wa 2013. Fungueni sanduku, tena mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya uchaguzi mkuu, na katika mkutano huohuo pitisheni ukomo utakaomhusu na mshindi. Kama mko madarakani na rais ndiye mwenyekiti, kijiti kitawafaa, ila wajumbe wadai angalau majina mawili. Na kama mmekwisha fika mahakamani, kila upande uache kuuliza nani atashinda hukumu, ukahesabu matawi mangapi yatabaki baada yake.

Vifungu vinne ningevipigania kwenye kamati yoyote ya katiba. Cha kwanza, ukomo wa mihula miwili, na kwamba hauwezi kurekebishwa kwa manufaa ya aliye kitini. Cha pili, kujiuzulu kuna siku maalum kunapokamilika, kwa mfano siku 14 baada ya barua kupokelewa na Katibu Mkuu, na baada ya hapo hakuna kutengua. Cha tatu, mgombea aliyepata theluthi ya kura au zaidi anapendekeza idadi fulani ya wajumbe wa Kamati Kuu, ili wale 482 wawe na viti kwa haki, bila kusubiri mshindi awe mwema. Cha nne ni cha akaunti ya benki: siku mgogoro wa uongozi unaposajiliwa popote, saini za malipo zinahamia kwa wadhamini watatu waliotajwa mapema, mishahara ya makatibu wa wilaya na kodi za ofisi zinaendelea kulipwa, na hakuna kambi inayogusa ruzuku hadi mkutano mkuu ukae.